Kwa nini piloti anakataa kilo kumi? Moteri na kadrani za ndege zetu

Huku kwetu Mashariki, ndege si kitu cha matajiri peke yao. Mama mwenye kuuza vitenge, mwanafunzi anayerudi shuleni, mgonjwa anayepelekwa hospitali, wote wanakamata ndege sababu barabara hakuna, ao barabara iko lakini hakuna anayejua siku atakayofika. Kutoka Bukavu kwenda Kindu, ama kwenda Shabunda na Kalima, ni ile ndege ndogo ya helisi, Cessna Caravan ao Let 410, njo inatuunganisha.

Na kila siku kwenye uwanja tunasikia maneno ileile. «Juu ya kilo kumi tu mnaacha bagaji yangu?» «Jua linawaka, mvua iko mbali, kwa nini haturuke?» «Tumekwisha kuingia, sasa piloti anazima moteri, ndege imekufa!» Watu wanakasirika, wengine wanatafuta namna ya kumwonea mfanyakazi wa mizani. Lakini jibu la maswali yote haya liko ndani ya moteri, na kwenye zile kadrani ambazo piloti anaangaliaka mbele yake. Tumeona ni vizuri tuzifungue pole pole pamoja na ninyi, ndugu wasomaji.

Mbabula na vantilateri mbili

Moteri ya Caravan inaitwa PT6. Ilitengenezwa Canada na kampuni ya Pratt & Whitney, na iliruka mara ya kwanza mwaka 1961. Mpaka leo inatumika duniani kote. Si moteri ya pistoni kama ya gari. Ni turbini.

Fikiria mbabula. Makala peke yake yanawaka pole pole. Ukipepea, yanawaka sana. Moteri ya turbini inafanya vile, lakini kwa nguvu ya ajabu. Kwanza inavuta hewa na kuibana. Sehemu ya kubana inaitwa kompresa. Hewa ile iliyobanwa inaingia kwenye chumba cha moto, na pale mafuta yanarushwa kama mvua nyembamba. Mafuta yenyewe ni ndugu ya petroli ya taa. Inapowaka, hewa inapanuka na kukimbilia inje, na katika kukimbia inasukuma magurudumu yenye mabawa madogo: ni zile turbini.

Hapa kuna ufundi ambao watu wengi hawajue. Ndani ya PT6 turbini ya kwanza inazungusha kompresa tu, ili moto upate hewa bila kukoma. Turbini ya pili njo inazungusha helisi. Na hizi mbili hazikufungwa pamoja kwa chuma. Weka vantilateri mbili zikitazamana, washa moja tu: ile nyingine itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Ni vilevile. Kwa hiyo wakati wa kuwasha unasikia mluzi unapanda, huku helisi ingali inajikokota. Inaanza kukaza mwendo nyuma kidogo.

Kompresa ile inazunguka zaidi ya mara 37.000 kwa dakika moja. Helisi ya Caravan haipaswi kupita 1.900. Katikati yao kuna sanduku la meno, linalopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Kitu kingine cha kushangaza: hewa inapita ndani ya moteri kinyume. Inaingia upande wa nyuma, inaelekea mbele, na moshi unatokea karibu na pua ya ndege. Ukiona bomba kubwa lenye masizi upande wa kuume, chini karibu na helisi, ni pale moto unapumulia.

Mshale wa joto

Kati ya kadrani zote za moteri, kuna moja ambayo piloti hawezi kuisahau hata dakika moja: ile ya joto kati ya turbini. Kwa Caravan nyingi, wakati wa kuruka joto lile halipaswi kupita digri 805. Wakati wa kuwasha linaruhusiwa kugusa 1.090, lakini kwa sekunde 2 tu.

Kwa nini wakati wa kuwasha njo wa hatari? Sababu moteri ingali haijapata mwendo wake. Ni batri inayoizungusha. Kama batri iko na nguvu, hewa ni nyingi na inapoza vyuma. Kama batri imechoka, hewa ni kidogo, lakini mafuta yanaingia. Moto unakuwa mwingi kuliko hewa, na mabawa madogo ya turbini yanaanza kuungua. Katika sekunde chache moteri ya bei ya nyumba nyingi inaweza kuharibika. Na hatari mbaya zaidi ni kwamba isiharibike kabisa: ipate kidonda kidogo ndani, iendelee kufanya kazi, halafu siku moja ikatike ikiwa juu ya pori.

Kwa hiyo piloti anapowasha, mkono wake uko kwenye kishikio cha mafuta na macho yake kwenye mshale ule. Ukipanda mbio kuliko kawaida, anakata mafuta mara moja. Sisi abiria tunasikia sauti inashuka na tunaanza kunung'unika kwamba ndege imekufa. Kumbe ni kinyume: ameiokoa.

Hewa ya milimani ni nyepesi

Sasa tufike kwenye kilo. Uwanja wa Goma uko karibu mita 1.550 juu ya bahari. Kavumu, uwanja wa Bukavu, unapita 1.700. Kindu na Kisangani viko chini sana, hazifiki hata 600. Kwa mwenye kutembea kwa miguu tofauti hii si kitu. Kwa ndege ni kila kitu.

Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito. Kwenye mita 1.500 imekwisha kupoteza karibu sehemu 14 kwa mia ikilinganishwa na ile ya pwani. Na joto linaongeza shida, sababu hewa ya moto inapanuka na kuwa nyepesi zaidi. Siku ambapo Goma kuna digri 25, ndege inajisikia kama iko kwenye uwanja wa karibu mita 2.300.

Hewa ikiwa nyepesi, ndege inapigwa mara tatu. Moteri inapata hewa kidogo ya kupoza moto wake, na mshale wa joto unaweza kufika mwisho mbele ya ule wa nguvu. Helisi inauma hewa kidogo. Na mabawa yanapata kitu kidogo cha kuegemea, kwa hiyo ndege inapaswa kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Inataka pisti ndefu, na ikisha kuruka inapanda pole pole, wakati milima haisongei pembeni kumpisha mtu.

Ndiyo maana safari nyingi za milimani zinapangwa asubuhi, hewa ingali na baridi. Na ndiyo maana ndege ileile iliyobeba bagaji zote asubuhi inaweza kukataa sehemu yake saa sita za mchana.

Kwa Goma tuko na kumbukumbu chungu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na mawe ya moto yalifunika karibu theluthi moja ya pisti. Kwa miaka mingi ndege zilitumia sehemu iliyobaki. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya DC-9 iliyotaka kuruka ilishindwa, ikapita mwisho wa pisti na kuingia katika mtaa wa Birere, kati ya nyumba na maduka. Wengi waliokufa hawakuwa ndani ya ndege; walikuwa kwenye kazi zao. Pisti ikiwa fupi, nafasi ya kusimama wakati mambo yanaharibika inakuwa fupi pia.

Hesabu ya kilo kumi

Caravan ya kawaida hairuhusiwi kuruka ikipita karibu kilo 4.000, ukihesabu chuma, watu, bagaji na mafuta. Kila kilo inapaswa kuandikwa. Sasa weka abiria 10, kila mmoja amechukua kilo 10 za siri: sambaza chini ya koti, simu na viatu ndani ya mfuko wa mtoto. Ni kilo 100. Kilo 100 ni mafuta ya zaidi ya nusu saa ya kuruka. Piloti akizijua mbele, atapunguza bagaji, ao atapunguza mafuta kama safari inaruhusu. Asipozijua, ndege itajua peke yake, kwenye mwisho wa pisti.

Tena si uzito tu, ni mahali pa uzito. Mizigo yote ikiwekwa nyuma, pua inanyanyuka na ndege inakuwa ngumu kushika. Ndiyo sababu wanatuhamisha viti. Si dharau, ni mizani.

Macho ndani ya mawingu

Ukifika katikati ya mawingu, dirisha la piloti linakuwa karatasi nyeupe. Pale anabaki na kadrani tu.

Ya urefu inaitwa altimetri. Kwa kweli haipimi urefu. Inapima presio ya hewa, halafu inaigeuza kuwa urefu. Presio inabadilika kila siku, kwa hiyo uwanja unampa piloti namba ya siku ile, na yeye anaiingiza kwa kuzungusha kifungo kidogo. Akikosea hectopascal 10 tu, kadrani inadanganya karibu mita 80. Tena, altimetri inahesabu kutoka bahari, si kutoka udongo ulio chini yako. Kavumu ikisema mita 2.000, uko mita 300 hivi juu ya pisti. Na pale karibu mlima Kahuzi unapita 3.300. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege ndogo ya kazi za misaada iligonga mlima karibu na Bukavu ikijiandaa kutua, watu 17 wakafa. Piloti akisema hali ya hewa si nzuri, milima ile ndiyo anafikiria.

Kadrani ya mwendo inategemea tiyo nyembamba inayotazama mbele, inaitwa pito. Hewa inaingia kwa nguvu, na kadrani inalinganisha nguvu ile na presio ya hewa iliyotulia pembeni. Tiyo ikizibwa, mwendo unaosomwa ni uongo. Mwaka 2009 ndege ya Air France iliyotoka Rio kwenda Paris ilizibwa pito zake na barafu kwa muda mfupi. Piloti walichanganyikiwa, na watu 228 wakapotea baharini. Mwaka 1996 kule Peru, watu 70 walikufa sababu fundi aliyesafisha ndege aliacha mkanda wa kubandika juu ya matundu ya presio. Mkanda mdogo tu! Mwaka ule ule, katika ajali nyingine ya Boeing kule Puerto Plata, wachunguzi walishuku kwamba nyigu walijenga ndani ya pito. Kwetu nyigu si wageni. Kwa hiyo ukimwona piloti anazunguka ndege, anaondoa vitambaa vyekundu na kuchungulia matundu, usiseme anapoteza wakati.

Ya tatu ni horizoni ya bandia, ile yenye rangi ya mbingu juu na ya udongo chini. Ndani ya zile za zamani kuna jiroskopi, ndugu ya pia ambayo watoto wanazungushaka chini: ikizunguka kwa nguvu inakataa kuinama. Inasaidia sababu masikio yetu yanadanganya. Ndani ya wingu mtu anaweza kuapa kwamba yuko sawa, kumbe ndege imelala upande. Tarehe 24 Septemba 1929, kule Marekani, Jimmy Doolittle aliruka na kutua akiwa amefunikwa, haoni inje hata kidogo, akifuata kadrani tu. Tangu siku ile piloti wote wanafundishwa kitu kimoja kigumu: kuamini kadrani kuliko mwili wako.

Na sisi abiria?

Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliweka kampuni za ndege za Kongo kwenye orodha ya zile zinazokatazwa kuruka kwake. Ni aibu, na kuiondoa ni kazi ya Serikali na ya kampuni zenyewe: mafundi waliosoma, vipuri vya kweli, mizani isiyodanganya, habari za hali ya hewa kwa saa yake. Hatuwezi kuwatwisha abiria mzigo ule.

Lakini kuna sehemu yetu. Sema kilo za kweli, za mwili na za bagaji. Usimpe mfanyakazi wa mizani kitu ili afumbe macho. Usimsukume piloti aruke sababu maiti inangojewa, ao mkubwa fulani yuko na mkutano. Mlima haujui vyeo. Na ukiona watu wanajazwa kupita viti, ao mizigo inatupwa nyuma bila kufungwa, uliza kwa sauti, hata kama wenzako wanakucheka. Una haki ya kushuka. Ticket inaweza kulipwa tena wiki ijayo.

Bagaji iliyobaki Kavumu leo, ndege ya kesho asubuhi, hewa ikiwa baridi, itaileta.