Tororo na Busia: Kwa nini ni rahisi kuvuka mpaka lakini vigumu kuthibitisha uraia?

Neno bodaboda, linalotumika leo kote Afrika Mashariki, lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda. Vijana wa baiskeli waliowavusha abiria mjini Busia walilitohoa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Kuvuka hapa ni sehemu ya maisha ya kila siku. Mkazi wa Rubongi, kata iliyo katika wilaya ya Tororo mashariki mwa Uganda, anaweza kwenda kumzika mjomba wake upande wa Kenya na kurejea nyumbani siku hiyo hiyo.

Matatizo huanza baadaye, wakati mtoto wa familia kama hiyo anapotakiwa kuonyesha yeye ni raia wa nchi gani.

Mpaka ulivyowagawa ndugu

Mwaka 1902, utawala wa Uingereza ulilimega Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliunganisha na himaya jirani, ambayo sasa ni Kenya. Ardhi iliyofika Kisumu na Naivasha ilibadilisha mtawala bila wakazi wake kuhama hata hatua moja. Wateso wakabaki pande zote mbili, Tororo na Busia ya Kenya. Wasamia vivyo hivyo. Jopadhola, ambao ndio wenyeji wa Rubongi, wana undugu wa lugha na Wajaluo wa Nyanza. Watu waliendelea kuoana kama zamani, na mabinti waliendelea kuolewa ng'ambo.

Siasa ndizo zilizowakumbusha kwamba ng'ambo ni ugenini. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya kutoka Uganda. Nusu karne baadaye, Machi 2020, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri kwa sababu ya virusi vya corona, huku malori ya mizigo yakiruhusiwa kupita. Shehena ya saruji ilikuwa na njia. Mama aliyetaka kumwona mwanawe hakuwa nayo, isipokuwa zile njia za panya ambazo wenyeji wamezijua tangu utotoni.

Mtoto ni wa nani?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa nchini humo ambaye mzazi au babu yake ni wa mojawapo ya jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa kwa majina, na Jopadhola, Wateso na Wasamia wamo. Kwa mtoto wa Rubongi, kwa hiyo, sheria si kikwazo.

Upande wa Kenya hali ilikuwa ngumu zaidi, na aliyeumia alikuwa mwanamke. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alirithi uraia kutoka kwa baba peke yake. Mkenya aliyeolewa Tororo na kujifungua huko, kisha ndoa ikavunjika akarudi kwao, alirudi na mtoto ambaye kisheria alikuwa mgeni katika boma la babu yake. Katiba ya mwaka 2010 iliondoa ubaguzi huo: uraia wa mama unatosha, popote mtoto alipozaliwa, na kifungu hicho kinawahusu pia waliozaliwa kabla ya katiba hiyo.

Hata hivyo, haki hiyo inahitaji ushahidi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na hakusajiliwa hana cheti cha kuzaliwa, na mama ambaye hana kitambulisho hawezi kumthibitishia chochote. Kinachobaki ni maneno ya wazee, barua ya chifu upande mmoja au ya mwenyekiti wa kijiji upande mwingine.

Jumuiya haitoi uraia

Wengi hudhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imelimaliza suala hili. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda husafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Lakini manufaa haya humfikia mwenye kitambulisho. Asiyekuwa nacho anabaki na njia za panya zile zile, na akikamatwa huhesabiwa mhamiaji haramu, hata kama nyumba ya shangazi yake inaonekana kutoka alipokamatiwa.

Uraia pacha unaruhusiwa sasa katika nchi zote mbili, ila haupatikani kwa kunyamaza. Uganda hutoa kitambulisho kuanzia umri wa miaka 16, Kenya kuanzia 18. Kijana mwenye haki pande zote anayechukua cha kwanza kisha cha pili bila kutangaza uraia wake wa awali anajiweka katika hatari ya kushtakiwa, ingawa angeitangaza haki hiyo mapema asingekuwa na kosa lolote.