Sava Ikizima, Kazi Isisimame

"Mfumo unasumbua." Hakuna mwanafunzi wa chuo asiyelijua hilo jibu. Utalisikia dirishani wakati wa usajili, utalisikia benki, na siku ya mwisho ya kuomba kitu chochote ndiyo usiseme. Sisi tunaotoka Kasumulu tunajua pia uzito wake mpakani. Lori la kwenda Malawi halivuki daraja la Mto Songwe hivi hivi tu, lazima nyaraka zake zipite kwenye mfumo wa forodha. TRA ilianza kutumia mfumo wa TANCIS mwaka 2014, ukachukua nafasi ya ASYCUDA++. Mfumo wowote wa namna hiyo ukizima, kinachosimama si kompyuta peke yake. Dereva anasimama, mwenye mzigo anasimama, na mama anayewauzia chakula madereva anabaki kukisia apike kiasi gani.

Sasa, sava ni mashine, na mashine huharibika. Hilo halikwepeki. Wajenzi wa mifumo mikubwa wameacha kutafuta sava isiyokufa. Wanapanga mambo ili moja ikifa, kazi iendelee. Nasoma ualimu, si uhandisi, kwa hiyo nitaeleza kwa mifano ya darasani na ya nyumbani.

Tuanze na kontena. Tarehe 26 Aprili 1956, meli ya Ideal X ya mfanyabiashara Malcom McLean iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Kabla ya hapo mizigo mingi ilipakiwa na kupakuliwa kwa mikono, gunia kwa gunia, kila inapobadilisha chombo. Leo kontena linashushwa bandari ya Dar es Salaam, linapanda lori, linakata kona Uyole, linapita Tukuyu na kufika Kasumulu bila mzigo wa ndani kupangwa upya njiani.

Waandishi wa programu walikuwa na shida inayofanana. Programu inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya aliyeiandika, ikipelekwa kwenye sava inagoma, kwa sababu kuna kitu kinachoitegemeza ambacho huko hakipo. Dawa ikawa kuifunga programu pamoja na vitu vyake vyote ndani ya kifurushi kimoja, kinachoweza kuwashwa kwenye sava yoyote inayokubali vifurushi hivyo. Nalo likaitwa kontena. Docker, iliyotoka mwaka 2013, ndiyo iliyoifanya njia hii kuwa rahisi kwa watu wengi.

Lakini makontena yakiwa mamia, juu ya sava nyingi, nani atayasimamia? Mwaka 2014 Google ilitoa kwa umma programu iitwayo Kubernetes. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake nahodha. Ukiwa nayo, huiamuru "washa hiki, zima kile." Unaandika unachotaka kiwepo: nakala tatu za programu hii ziwe hai muda wote. Kazi ya nahodha ni kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo, tena na tena, na kusahihisha tofauti.

Mfikirie mwalimu wa zamu. Ratiba inasema chumba cha mtihani kiwe na wasimamizi watatu. Mmoja akiugua, mwalimu wa zamu haanzi kumtibu mlangoni. Anaita mwingine, mtihani unaendelea.

Nahodha anayajuaje yaliyopo? Anauliza. Makontena huulizwa maswali mawili tofauti: uko hai? Na uko tayari kupokea kazi? Lililo hai lakini bado linajiandaa haliletewi watu. Lililokufa huwashwa tena, na likiendelea kufa, muda wa kusubiri unaongezeka: sekunde 10, 20, 40, mpaka dakika 5. Sava nzima ikinyamaza, kwa mpangilio wa kawaida husubiriwa kama dakika 5 kabla makontena yake hayajaanzishwa kwingine, maana pengine ni waya tu umelegea. Katika dakika hizo, nakala zilizo kwenye sava nyingine ndizo zinazohudumia watu. Kwa hiyo nakala tatu zinatakiwa zitawanywe. Ukizirundika zote kwenye sava moja, hiyo ikizima zimeondoka zote.

Je, nahodha mwenyewe akifa? Kumbukumbu zake nazo huwekwa nakala kwenye sava kadhaa, na hapa ndipo linapoingia jambo ambalo bunge lolote la wanafunzi linalijua: akidi. Hakuna kinachoandikwa mpaka zaidi ya nusu ya sava zikubali. Sava zikiwa 3, akidi ni 2, unaweza kupoteza 1. Zikiwa 5, akidi ni 3, unaweza kupoteza 2. Zikiwa 4 je? Akidi ni 3, kwa hiyo bado unapoteza 1 tu, umeongeza gharama bure. Ndiyo maana wengi huchagua idadi isiyogawanyika kwa mbili.

Akidi inaokoa kitu kikubwa zaidi. Chukulia sava tatu ziko upande huu wa Songwe na mbili ng'ambo, halafu mawasiliano kati yao yakatike. Kila upande unadhani wenzake wamekufa. Pasipo akidi, kila upande ungeendelea kuandika kivyake, na mzigo uleule ungeweza kuonekana umelipiwa huku na haujalipiwa kule. Kwa akidi, wale wawili hawaandiki kitu mpaka waunganishwe. Inaudhi, lakini kusubiri ni nafuu kuliko kuwa na vitabu viwili vinavyopingana.

Haya yote yana mipaka. Kontena likitupwa, kilichohifadhiwa ndani yake kinapotea nalo, kwa hiyo data lazima ikae nje, na nayo iwe na nakala. Kosa lililo ndani ya programu linanakiliwa mara tatu pamoja na programu. Na sava kumi zinazotegemea waya mmoja wa umeme zitazima pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo sava inaweza kuwa nzima kabisa, inakusubiri, na wewe huna njia ya kuifikia.

Kwa hiyo, tutakaokwenda kufundisha, na tutakaokaa kwenye kamati zinazonunua mifumo, tuache kuuliza tu "hii sava ina nguvu kiasi gani?" Tuulize: ni kitu gani hapa kipo kimoja tu? Umeme? Njia ya intaneti? Diski yenye data? Au yule fundi mmoja anayejua nywila, ambaye leo yuko safarini? Hata yeye anahitaji nakala.