Mkono Uendao Kwenye Kikombe

Mtu akaapo barazani akanyoosha mkono kutwaa kikombe cha kahawa, hadhani kwamba ametenda jambo kubwa. Lakini sisi tulioisomea elimu ya ubongo twajua ya kuwa tendo hilo, lisilomaliza hata sekunde mbili, ni amri mbili zilizofungamana, ya kwanza ikiupeleka mkono mahali kikombe kilipo, na ya pili ikivifungua vidole kwa kadiri ya upana wake. Marc Jeannerod wa Ufaransa, aliyelichungua jambo hili katika miaka ya 1980, alibainisha kwamba kidole gumba na cha shahada huachana mkono ukiwa bado njiani, tena huachana kupita upana wa kitu chenyewe, kisha huanza kukaribiana kabla kitu hakijaguswa.

Maradhi ya Parkinson, ambayo James Parkinson, tabibu wa London, aliyaeleza mwaka 1817 kwa habari za watu sita (baadhi yao aliwaona njiani tu), huzifumua amri hizo. Wengi huyajua kwa mtetemo, nao mtetemo, kwa rai yangu, umepewa sifa kupita haki yake. Kwani aghalabu hushika mkono uliotulia pajani, na hupungua mkono uanzapo kwenda. Taabu halisi iko kwingine. Seli za ubongo zitoazo kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo kwa miaka, hata dalili zidhihirikapo nyingi zimekwisha kuangamia. Na ijapokuwa misuli haikupooza, amri iifikiayo ni hafifu. Mkono huchelewa kuondoka, huenda kwa vipande vipande, vidole hufunguka kwa kuchelewa na kwa upungufu, na yale yaliyokuwa yakitendeka pamoja sasa hufuatana, moja likingoja jingine liishe.

Hapo jicho huwa mkongojo wa mkono. Mgonjwa akizuiwa asiuone mkono wake, aghalabu mkono huishia kabla ya kukifikia kitu. Lakini mrushie mpira ghafla, na huenda akaudaka kwa wepesi utakaowastaajabisha jamaa zake, kwa sababu kitu kiendacho huuamsha mwendo kutoka nje, pasipo kuingojea ile amri ya ndani iliyodhoofika. Kwa hiyo si haki kumwambia mgonjwa kwamba ajifanya.

Dawa ya levodopa, itumikayo tangu miaka ya 1960, huuharakisha mkono, ingawa haiyaondoi maradhi. Mbegu za upupu zina levodopa pia, lakini kipimo chake hakijulikani kwa macho, basi zisisagwe nyumbani. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta kwamba wagonjwa walio wengi hawakuwa wamepata kutambuliwa na tabibu yeyote. Nawe msomaji, ukimwona mzee wako akikawia kukifikia kikombe, kiweke penye mwanga, mbele ya macho yake, usimtwalie. Kisha umpeleke hospitali.