Bari 147 chini ya ziwa: rekodi za maji ya presha, na baraza ya simenti ya Itebero

Chini kabisa ya Ziwa Tanganyika, mita 1,470 hivi kutoka juu, maji yanakandamiza kwa bari 147. Afrika haina ziwa lenye kina kama hicho, na duniani ni Baikal la Urusi peke yake linalolizidi. Sasa ingia duka la vifaa Bukavu au Goma, geuza boksi la mashine ya kuoshea kwa presha, lile lenye picha ya mtu aliyevaa viatu safi mno kwa kazi anayoifanya, usome pembeni: bari 110, bari 145, bari 180. Chombo cha kubebwa kwa mkono mmoja kinajipima na ziwa la pili kwa kina duniani, na kwa hesabu ya presha hakidanganyi. Kila mita kumi za maji ni bari moja. Ziwa Kivu, lenye mita 480 na ushee, linatoa bari 48. Mto Kongo, wenye kina kuliko mito yote ya dunia, unapita mita 220 huko chini karibu na bahari: bari 22. Na pipa ulilopandisha juu ya mnara wa mbao wa mita tatu nyuma ya nyumba linatoa thuluthi ya bari, basi.

Namba hizo ndizo zinazouza mashine. Kwa anayetaka kusafisha simenti ya nje nyumbani, ndizo pia zinazompoteza.

Itebero ni mahali pazuri pa kuzipimia. Iko sekta ya Bakano, katika wilaya ya Walikale, ambayo ni kubwa kuliko wilaya zote za Kivu Kaskazini: kilometa za mraba 23,475 kati ya 59,483 za jimbo zima. Ni nchi ya msitu, na mvua haikai mbali. Simenti inapanda kwa barabara ya Bukavu kupitia Hombo, na kila mfuko unaofika umekwisha kulipia matope yote ya njiani. Kwa hiyo anayemwaga baraza ya simenti mbele ya nyumba hafanyi pambo. Juu yake mihogo inaanikwa, mpunga unaanikwa, mawese yanapimwa kwa chupa, wageni wanawekewa viti. Haipiti miezi mingi, mstari wa kijani unatokea pale bati linapodondoshea, unageuka mweusi, halafu unakuwa utelezi. Wa kwanza kuugundua ni mama mwenye beseni kichwani.

Kasi kuliko zote

Maji yanayotoka kwa bari 100 yanakimbia karibu mita 140 kwa sekunde, yaani kilometa 500 kwa saa. Usain Bolt, siku alipoweka rekodi ya mita 100 huko Berlin mwaka 2009, hakufika 45. Siri ya mashine ni hiyo tu. Haimwagi maji mengi, inayakimbiza, na mwani uliong'ang'ania vitundu vya simenti unapigwa hadi unaachia.

Ukipanda ngazi utakuta mitambo ya viwandani inayokata chuma kwa maji yaliyochanganywa na mchanga mkali, kwa bari 4,000 hadi 6,000. Chini yake, kuanzia kama bari 1,000, ambayo inakaribia presha iliyoko chini ya shimo la Mariana katika Pasifiki, wajenzi wa Ulaya na Marekani wanabomoa zege la madaraja mabovu kwa maji. Zege linaondoka, nondo zinabaki nzima.

Hapo mwenye baraza asimame kidogo. Kutoka bari 180 hadi 1,000 ni mbali, kweli, lakini zege la daraja lilichanganywa kwa kipimo na kujaribiwa maabara. La nyumbani lilichanganywa kwa koleo, mchanga wa mtoni, maji ya kukisia na simenti iliyobanwa kwa sababu ya bei, kisha juu likapakwa niru nyembamba ling'ae. Niru hiyo haihitaji bari 1,000 ili ibanduke. Inahitaji nozeli mbaya, ile ncha inayorusha maji, na mtu mwenye hamu. Ikishabanduka, mchanga na kokoto vinabaki wazi, na mwani wa msimu ujao unapata mahali pengi zaidi pa kushika kuliko mwanzo.

Kongwe kuliko zote

Pittsburgh, Marekani, mwaka 1927, Frank Ofeldt alitengeneza mashine ya kusafishia kwa mvuke wenye presha. Mwaka 1950 Alfred Kärcher wa Ujerumani akatoa mashine ya kwanza ya Ulaya ya maji moto yenye presha kubwa, na mwaka 1984 kampuni yake ikatoa HD 555, iliyoifungulia kazi hii milango ya nyumba za watu. Wafaransa walilizoea jina hilo hadi likaingia siasa: mwaka 2005 Nicolas Sarkozy, wakati huo waziri wa mambo ya ndani, aliahidi kuusafisha mtaa wa La Courneuve kwa Kärcher, na maneno hayo hayajaacha kumfuata.

Safisha kubwa kuliko zote

Mwaka 1998, huko Vatikani, nguzo za uwanja wa Mtakatifu Petro zilisafishwa: nguzo 284 za duara na 88 za mraba, eneo la mita za mraba kama 25,000. Kazi hiyo iliingia kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa usafishaji mkubwa wa nje kuliko wote. Kampuni ni ileile ya Kärcher, ambayo mwaka 1980 ilikuwa imeiosha sanamu ya Kristo ya Rio de Janeiro, zege lililovikwa mawe laini, na mwaka 2005 ikaosha nyuso za marais wanne wa Marekani katika mlima Rushmore, zilizokuwa zimeota kuvu na mwani kama baraza yoyote ya Walikale.

Ukiuliza walitumia presha gani kubwa kwa kazi kubwa hivyo, jibu linashangaza. Vatikani waliishusha, wakapuliza unga laini wa mawe badala ya kuzishambulia nguzo kwa maji ya nguvu. Rushmore walitegemea maji moto, bila dawa. Wenye mashine kali kuliko zote duniani, walipopewa kitu kisichoweza kujengwa tena, waliweka namba kubwa pembeni wakachagua joto na subira. Baraza yako si nguzo ya Vatikani, lakini simenti ya Itebero nayo haijengwi mara mbili.

Ipo na rekodi ya mzaha. Mjerumani Klaus Dauven huchora kwa kusafisha: anaosha sehemu za ukuta mchafu na kuziacha nyingine, hadi picha itokee. Mwaka 2007 alichora wanyama wa porini kwenye ukuta wa bwawa la Olef nchini kwao, na mwaka 2008 maua makubwa kwenye bwawa la Matsudagawa, Japani. Watu wengi nao wamechora kazi kama yake uani bila kukusudia. Nozeli nyembamba ikipita ovyo juu ya simenti inaacha mistari myeupe, na mvua haiifuti.

Kiu kuliko zote

Hapa ndipo ununuzi unapoamuliwa, nami ningekaa hapa kuliko kwenye bari.

Chukua mashine mbili za Kärcher, ndogo na kubwa ya nyumbani. K2 inaandikwa bari 110, lita 360 kwa saa, kilowati 1.4. K7 inaandikwa bari 180, lita 600 kwa saa, kilowati 3. Geuza lita ziwe bidoni za lita 20, kwa sababu ndivyo maji yanavyofika nyumbani: K2 inakunywa bidoni 18 kwa saa, K7 bidoni 30. Anayeteka maji mtoni ataikimbia ile kubwa mara moja. Lakini soma mstari mmoja zaidi kwenye karatasi ya mtengenezaji, ule wa eneo linalosafishwa: K2 mita za mraba 20 kwa saa, K7 mita 60. Baraza ya mita 20 inamaliza bidoni 18 kwa mashine ndogo. Kwa kubwa inamaliza bidoni 10, tena ndani ya dakika 20. Inayokunywa haraka ndiyo inayokunywa kidogo. Bari zinaung'oa uchafu, lita ndizo zinazousukuma hadi mfereji. Mashine yenye presha kali na maji machache inalegeza kijani, kisha inakizungusha palepale mbele ya miguu yako.

Na bari zenyewe zisomwe kwa jicho moja wazi. Zidisha bari 180 kwa lita 10 za kila dakika, gawa kwa 600: unapata kilowati 3 kamili, sawasawa na umeme wote unaoingia. Hakuna mtambo usiopoteza nguvu hata chembe kati ya mota na pampu, kwa hiyo vipimo hivyo viwili havitokei kwa pamoja. Si uongo, boksi lenyewe linasema ni vipimo vya juu kabisa. Kinachokuhusu ni presha ya kazi, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwa herufi ndogo.

Maji ya bei nafuu kuliko yote yanatoka juu. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimeta 10, lita 400 hivi ukisahau zinazomwagika pembeni. Mapipa mawili yamejaa na hakuna mtoto aliyetumwa mtoni. Debundscha, kule Kameruni, inapata karibu milimeta 10,000 kwa mwaka na ni kati ya mahali penye mvua kuliko pote Afrika. Itebero haihitaji rekodi hiyo ili bati lijaze pipa. Muulize muuzaji jambo moja tu: mashine hii inavuta maji yenyewe kutoka kwenye pipa, au inataka bomba lenye presha? Isiyovuta, iache dukani. Inayovuta iwekewe chujio mdomoni mwa mpira, mpira ujazwe maji kabla ya kuwasha, na pipa lisiwe chini sana ya mashine. Pampu inaweza kuvumilia mengi, ila si hewa, na si mchanga.

Habari ya umeme ni fupi. Sola ya taa na simu haiendeshi hata K2. Kilowati 1.4 inataka jenereta yenye nguvu kama mara mbili yake, kwa sababu mota inapoamka inavuta zaidi. Kilowati 3 inataka jenereta ambayo nyumba chache zinayo. Ndiyo maana mashine ya esansi, yenye injini yake, inafaa huku kuliko inavyofaa mjini. Ni nzito, ina kelele, na isiwashwe kamwe ndani ya chumba au depo, kwani moshi wake unaua bila harufu ya kutisha. Lakini haimwombi mtu umeme.

Rangi tano

Nozeli nyingi zina rangi. Nyekundu, digrii 0, ni sindano ya maji: itupe ndani ya droo, na ufunguo uufiche. Njano ni digrii 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni kwa presha ya chini. Baraza ya simenti ni kazi ya kijani, na kusuuza ni ya nyeupe. Kwa nozeli ya digrii 25, ukiwa sentimeta 30 kutoka chini, maji yanafagia upana wa sentimeta 13 hivi. Rudi nyuma hadi 60, upana unafika 26 na nguvu inapungua. Anza mbali, sogea taratibu hadi kijani kianze kuachia, usimame hapo. Zege jipya lipe siku 28 kabla ya kuligusa.

Doa la mawese halitoki kwa presha. Linataka maji moto na sabuni kwanza, dakika kumi, brosi, ndipo mashine. Javel inaua mwani vizuri, lakini ipakwe kwa brosi na isipitishwe ndani ya pampu, maana inakula mipira ya ndani. Na isichanganywe na asidi hata siku moja. Maji yote hayo yatashuka hadi mto Lowa na Lualaba, na kuna watu wanaoteka huko chini.

Jeraha dogo kuliko yote

Mkondo wa maji ukigusa mkono au mguu ulio wazi, unaweza kupenya ngozi na kuacha kitundu ambacho hakitoi hata damu ya kutosha kumwogopesha mtu. Ndani, maji na uchafu vimepita kati ya nyama na mishipa. Jeraha la namna hiyo linapelekwa hospitali siku hiyohiyo, likionekana dogo kiasi gani, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mashine ya presha. Viatu vilivyofunga, miwani, na watoto wote upande wa pili wa nyumba. Kandambili hapana.

Kuhusu kununua au kutonunua: mwenye baraza moja ya mita 20 ataitumia mashine mara mbili au tatu kwa mwaka, na kwa siku zilizobaki itakuwa inakausha mipira yake gizani. Ya esansi, yenye lita 9 au 10 kwa dakika, inaeleweka ikiwa kuna kijana nyumbani atakayeosha pikipiki nayo kila siku ya soko. Vinginevyo tafuta wanaoosha pikipiki, patana nao bei ya baraza nzima, maji yakiwa juu yako, na nozeli uichague mwenyewe.