Tikiti la Mbegu ya Kale Likatwe Lini?



Baadhi yenu wenye vipande vya mchanga kando ya mikarafuu mmetuuliza jinsi ya kulijua tikiti lililoiva kabla ya kulipasua. Kwa mwenye mbegu ya dukani jambo hili si zito sana, maana siku za kuvuna zimeandikwa kwenye pakiti. Mwenye mbegu aliyoachiwa na bibi yake hana pakiti ya kusoma. Hana budi alisome tunda lenyewe.

Tumeona tuchukue mfano wa Bariadi, bara, kwa sababu huko tikiti la shambani hutegemea mvua na mkulima hupata nafasi ndogo ya kukosea. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na baadhi yetu jina lake tulilisikia mwaka 2018, maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalipofanywa Nyakabindi. Ni nchi ya Wasukuma na ya pamba. Kwenye miinuko pana mchanga mwepesi uitwao luseni, na chini mbugani pana udongo mweusi ushikao maji. Tikiti hustawi kwenye luseni; mbugani maji yakituama mizizi huoza. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kwisha Mei. Tunda lililokaribia kuiva likinyeshewa sana hupungua utamu, pengine hupasuka pale pale lilipolala. Likiachwa mpaka majani yakauke, jua huliunguza mgongo.

Jambo la kushika kwanza ni hili: tikiti haliongezi sukari likishakatwa. Embe na ndizi utazivundika ndani zikaiva, lakini tikiti ulilolikata bichi litabaki bichi hata ulifunike wiki nzima. Wachumaji wa karafuu hawahitaji kuelezwa sana. Tumba likichumwa changa hukauka likawa jepesi, nalo likiachwa likafunuka thamani yake imekwenda.

Basi tazama shambani. Kwenye pingili ile ile kilipotoka kikonyo cha tunda pana uzi mwembamba uliojisokota, nao ndio kikono. Tunda linapokaribia kuiva, kikono hicho hunyauka, kikawa cha kahawia na kukauka mpaka shinani. Hii ni alama nzuri, lakini huwadanganya wengi mvua zinapokatika, maana hapo mmea mzima hukauka. Kwa hiyo usitazame kikono kimoja. Fuata tawi kuelekea nchani, uangalie vikono vya mbele. Ikiwa hivyo ni kijani na cha tunda peke yake kimekauka, tunda ndilo linalosema. Ikiwa vyote vimekauka, ni kiu au maradhi, na tunda huenda halijafika. Tena ziko aina za kale ambazo kikono chake hukauka wiki nzima kabla ya utamu kukamilika.

Kisha ligeuze tunda taratibu, bila kuusokota mmea, ulitazame tumbo. Pale lilipolalia ardhi hapapati jua, hivyo hapawi na kijani. Likiwa changa tumbo ni jeupe au la kijani hafifu. Likiiva huwa manjano kama siagi. Lenye ganda jeusi au la mistari husomeka upesi. Lenye ganda la kijivujivu hudai jicho zuri, mathalan Charleston Gray, iliyotolewa Marekani mwaka 1954. (Aina hiyo na Crimson Sweet ya mwaka 1963 siku hizi nazo huitwa mbegu za kale. Ndivyo miaka inavyokwenda.) Mgongoni nako ule mng'ao hupotea, ganda likafifia na kuwa gumu kwa ukucha.

Kuligonga? Kila mnunuzi sokoni hugonga, na wengi hugonga ili waonekane wajuzi. Bichi hulia sauti nyembamba kama ya kupiga paji la uso, lililoiva sauti nzito kama ya kifua, lililopitiliza kama ya tumbo. Lakini unene wa ganda hubadili sauti, na mbegu za kale ganda lake ni nene. Sisi twashauri sauti iwe shahidi wa mwisho, wala isiwe ya kwanza.

Lililo bora kuliko yote ni kuhesabu. Ua jike, lile lenye kitunda kidogo chini yake, hufunuka asubuhi ya siku moja tu. Siku hiyo funga uzi kwenye kikonyo na uandike tarehe. Matikiti madogo huiva yapata siku 30 hadi 35 baada ya hapo, makubwa 40 hadi 45 au zaidi. Kwa mbegu usiyoijua, toa sadaka tunda moja: kikono kikikauka na tumbo likiwa manjano, lipasue, uonje katikati, uangalie kama mbegu zimejaa na kuwa ngumu. Usiende kwa weusi, kwani ziko mbegu za kale ambazo ni nyekundu au nyeupe. Hesabu utakayoipata ndiyo pakiti yako ya mwaka ujao.

Kata kwa kisu, umande ukishakauka, maana alfajiri tunda limejaa maji na hupasuka kwa kuguswa tu. Acha kikonyo cha vidole viwili. Ukilivuta, kikonyo hung'oka na uozo huingilia hapo. Mzigo utokao Bariadi kwenda Mwanza kupitia Lamadi hutaka nyasi chini na kivuli juu. Mzigo wa kuvuka bahari kadhalika.

Tunda la mbegu ni jingine kabisa. Liache shambani kama wiki mbili baada ya wenziwe, kwani lililo tamu mezani huenda mbegu zake hazijakomaa. Nyuki huchanganya aina na aina. Chavua ya tikiti chungu la jirani haitaharibu tunda la mwaka huu, lakini mbegu zake mwakani zitazaa uchungu. Mashamba yatengane karibu kilomita moja. Usipoweza, funga ua jike kwa uzi jioni kabla halijafunuka, asubuhi ulipake chavua ya ua dume la aina ile ile, nalo liwe limefungwa vivyo hivyo usiku, kisha ulifunge tena. Mbegu zioshwe, zianikwe kivulini mpaka zivunjike ukizikunja, zitiwe kwenye kibuyu kikavu pamoja na jivu, mdomo uzibwe.