Kizulia cha mlangoni mwa bafu na twahara ya nyumba zetu

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mola aliyeteremsha maji safi kutoka mawinguni ili waja wake wajitwaharishe kwayo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo mno: kile kizulia au kitambaa tunachokitandika mlangoni mwa bafu kwa ajili ya kufutia miguu. Kifuliwe mara ngapi, na kifuliwe vipi? Tumelichagua jambo hili kwa sababu tumeshuhudia jinsi lilivyomtaabisha mja mwema katika ibada yake, na jinsi lilivyotia ubaridi baina ya watu wa nyumba moja.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Aprili, tulifikia kwa jamaa zetu nje kidogo ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Mvua ilikuwa ikinyesha usiku na mchana. Alfajiri tulimsikia bibi mzee wa nyumba ile akitawadha, akitoka, akisita mlangoni, kisha akirudi bafuni kutawadha upya. Alifanya hivyo mara tatu, kwa maji ya baridi kali, hata wakati wa sala ukawa unakaribia kutoka. Tulipomaliza kusali tulimwuliza, "Bibi, kuna tatizo gani?"

Akajibu, "Sheikh, mwanangu, kitambaa kile hakijakauka tangu juzi. Wajukuu wanatoka chooni wanakikanyaga. Nami nikikikanyaga na miguu yangu ina maji, naona udhu wangu umekwisha."

Mkwewe, ambaye alikuwa akiwasha moto wa chai, aliinamisha kichwa asiseme neno. Kitambaa alikuwa amekifua siku tatu nyuma, ila hakikupata jua. Mama mkwe alidhani ni uzembe, na yeye mkwe aliona jitihada zake hazithaminiwi. Tukatambua kuwa nyumba ile inahitaji mambo mawili: elimu ya fiqhi na utaratibu mwema wa usafi.

Tuanze na fiqhi. Kukanyaga najisi hakuvunji udhu. Mambo yanayovunja udhu yanajulikana na yamebainishwa katika vitabu vya fiqhi, na kukanyaga najisi si miongoni mwayo. Mtu aliyetawadha kisha akakanyaga najisi kwa yakini, wajibu wake ni kuosha sehemu ya mguu iliyopatwa, kisha akasali kwa udhu ule ule. Bibi yetu alikuwa akirudia udhu ambao haukuvunjika hata mara moja.

Jambo la pili ni kwamba uchafu si lazima uwe najisi. Kitambaa kilicholowa maji, chenye tope au chenye harufu ya unyevu, ni kichafu kwa macho na kwa pua, lakini asili yake ni twahara mpaka tupate yakini kuwa kimeingiwa na mkojo, damu au najisi nyingine. Kanuni mashuhuri ya wanazuoni ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Hata tope la njiani, ambalo mkazi wa Rungwe hana namna ya kulikwepa wakati wa masika, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamelisamehe kwa kiasi ambacho ni vigumu kujiepusha nacho. Dini yetu imejengwa juu ya wepesi, na wasiwasi ni mlango ambao shetani huutumia kumchosha mja mpaka ibada iwe mzigo kwake.

Hata hivyo, tusije tukaelewa kuwa wepesi huo ni ruhusa ya kuzembea. Tunafahamu Hadithi ya Ibn Abbas (RA) juu ya makaburi mawili, ambamo Mtume (SAW) alieleza kuwa mmoja wa waliokuwa wakiadhibiwa alikuwa hajikingi na mkojo. Kizulia cha mlangoni kipo mahali pa hatari. Kwa upande mmoja kuna choo na bafu, na kwa upande wa pili kuna chumba tunamotandika msala. Kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Lakini mguu wenye maji ukikutana na najisi, hubeba najisi hiyo mpaka ndani. Kwa hiyo kizulia kilichosahauliwa huweza kuichafulia nyumba nzima, na kizulia kinachotunzwa huilinda.

Na hapa ndipo hali ya hewa ya Rungwe inapoingia. Mji wa Tukuyu uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini mwetu. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha chai na migomba yetu, nasi tunamshukuru Allah kwa neema hiyo. Lakini kuanzia Novemba hadi Mei jua ni la kubahatisha, na ikifika Juni na Julai baridi huongezeka. Kitambaa ambacho kule Kyela kingekauka kabla ya adhuhuri, Tukuyu huweza kukaa siku mbili au tatu kingali kibichi. Na kitu cha nguo kikibaki na unyevu kwa muda wa saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota ndani yake. Kuvu huleta harufu mbaya na huwasumbua wenye pumu. Zaidi ya hayo, kitambaa chenye unyevu kinachokanyagwa na watu wote ni njia mojawapo ya kuambukizana fangasi wa vidole vya miguu.

Sasa, kifuliwe mara ngapi? Kwa nyumba ya kawaida, mara moja kwa wiki ni kiasi cha wastani. Nyumba yenye watoto wengi, mgonjwa au wageni, ni vyema kifuliwe mara mbili kwa wiki. Kikipatwa na najisi kwa yakini, hakingojei siku yake, bali kiondolewe na kitwaharishwe siku ile ile. Na kila siku, baada ya watu kumaliza kuoga, kisiachwe kimelala sakafuni, bali kitundikwe kipate hewa. Tunawashauri wasomaji wetu waifanye Alhamisi kuwa siku ya kukifua, ili Ijumaa, siku ya kuoga na kuvaa nguo safi, iikute nyumba nayo ikiwa safi.

Ama namna ya kukifua, tufuate hatua hizi. Kwanza, kikung'utwe nje ili mchanga na nywele zitoke. Ikiwa kuna najisi yenye kuonekana, iondolewe kabla ya kitu kingine chochote. Pili, kilowekwe katika maji ya sabuni kwa muda wa nusu saa hivi, kisha kisuguliwe kwa brashi pande zote mbili. Kitambaa cha pamba huvumilia maji ya moto, lakini chenye mpira chini kifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa maji ya moto sana na jiki huuharibu mpira ule ukapasuka na kumomonyoka. Tatu, kikamuliwe na kusuuzwa.

Katika kusuuza ndipo wengi wetu tunapokosea. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, maji yaliyo chini ya qula mbili, ambazo ni takriban lita 200, hunajisika mara tu yanapoingiwa na najisi, hata kama rangi yake haikubadilika. Basi mtu anayekitumbukiza kitambaa chenye najisi ndani ya beseni la maji, akakitoa na kukianika, bado hajakitwaharisha. Inatakiwa maji yaje juu ya najisi, na si najisi iende ndani ya maji. Kitandazwe juu ya sakafu yenye mteremko au kishikwe chini ya bomba, kimiminiwe maji safi mpaka rangi na harufu ya najisi viondoke. Mwongozo wetu katika hili ni kisa mashuhuri cha bedui aliyekojoa msikitini, ambapo Mtume (SAW) aliwazuia maswahaba wasimkemee, kisha akaamuru ndoo ya maji imiminwe mahali pale. Ikiwa mahali palipopatwa hapajulikani, kitambaa chote kimiminiwe. Na mtoto mchanga wa kiume ambaye hajala chakula zaidi ya maziwa, mkojo wake umefanyiwa takhfifu: inatosha kuunyunyizia maji yakaenea mahali pote ulipofika. Wa kike huoshwa kama kawaida.

Nne ni kukausha, na hii ndiyo kazi kubwa kwa watu wa Rungwe. Kikamuliwe sana, kisha kianikwe chini ya upenu panapopita upepo, kikiwa kimetandazwa bila kukunjwa. Kila nyumba iwe na vitambaa viwili au vitatu vya kupokezana, ili kimoja kikiwa kambani kingine kiwe mlangoni. Tuchague vya pamba vyepesi. Vile vinene vyenye sponji ndani havifai kwa mvua zetu. Asiye na uwezo wa kununua, taulo kuukuu au kipande cha kanga kilichokunjwa na kushonwa kinatosha kabisa. Tena tutenge kandambili za chooni zisiingie vyumbani, na kitambaa kisitandikwe kikiwa kinachuruzika maji, maana wazee wetu huteleza na kuvunjika.

Tunatoa pia maonyo mawili kwa mkazo. Katika miezi ya baridi baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga milango na kuanika nguo pembeni yake. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ni heri kitambaa kikae kibichi kuliko roho kupotea. Vilevile jiki isichanganywe na siki wala dawa kali ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye kudhuru mapafu na macho.

Tukirejea kwa jamaa zetu wa Tukuyu, asubuhi ile tulikaa na familia yote tukawaeleza haya. Bibi alituuliza mara mbili, "Kwa hiyo udhu wangu ulikuwa mzima?" Tukamthibitishia. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mkwewe, akamwambia, "Mwanangu, nisamehe." Mume naye tulimkumbusha kuwa Bi Aisha (RA) alipoulizwa juu ya mwenendo wa Mtume (SAW) akiwa nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Basi kufua kitambaa cha bafuni si kazi ya mke peke yake, wala si ya binti wa kazi anayekemewa bila kuelekezwa. Siku ile mume alikata kamba mpya akaifunga chini ya upenu kwa mikono yake.

Ndugu zetu, tukague milango ya mabafu yetu leo kabla ya sala ya Ijumaa. Tunamwomba Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa waja wake wanaojitwaharisha, atuepushe na uzembe na wasiwasi, na azitie mapenzi na huruma nyumba zetu. Amin.