Kisu kidogo mfukoni: Kipimo kinachobadilika kila mpaka

KISU cha kukunja chenye ubapa wa sentimita 7, kisicho na kufuli, kwa kawaida hakimletei mtu shida anapotembea katika barabara za London. Akifika nacho uwanja wa ndege ndani ya begi la mkononi, kitaishia kwenye pipa la wakaguzi, kwa sababu huko kikomo ni sentimita 6. Na akitembea mjini na kingine cha urefu uleule, ila ubapa wake unajifunga ukishafunguliwa, anaweza kujikuta mbele ya hakimu.

Chuma ni kilekile na kazi ni ileile ya kumenya chungwa na kukata kamba. Kinachobadilika ni mahali.

Kwa dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kigali, mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata bidhaa Dubai, au mwanafunzi wa Kampala anayekwenda kusoma Ulaya, kuchagua kisu cha kuweka mfukoni si suala la bei na rangi ya mpini pekee. Kisu kikubwa kupita kiasi kinaweza kumgharimu muda, mali, na pengine uhuru wake. Ndiyo maana inafaa kuanza na swali jepesi: kisu cha mfukoni hufanya kazi gani hasa?

Kazi za kila siku

Orodha yenyewe si ndefu. Kisu cha mfukoni hukata uzi wa gunia, hufungua katoni iliyozungushiwa utepe, huambua waya wa umeme, humenya chungwa, hukata embe, huchonga penseli na kuondoa uzi uliochomoza kwenye shati. Karibu kazi zote hizo hufanywa na sentimita 3 au 4 za mwanzo za ubapa. Sehemu inayobaki hubebwa bure.

Kazi zinazohitaji ubapa mrefu zina zana zake. Muwa una panga, kuku ana kisu cha jikoni, na nyama choma ina kisu cha mchomaji mwenyewe. Kisu cha kukunja kina udhaifu ambao visu hivyo havina: kimeshikwa na pini moja kwenye kiungo. Kadiri ubapa unavyokuwa mrefu, ndivyo unavyoisumbua pini hiyo pale mtumiaji anapokandamiza au kupindua. Kisu kirefu cha bei rahisi huanza kuchezacheza mapema kwa sababu hiyo.

Mpinzani mkubwa wa kisu kidogo katika ukanda huu ni wembe. Unapatikana katika kila duka la mtaani, bei yake ni ndogo, na watu wengi walijifunzia kuchonga penseli kwa wembe. Lakini wembe hauna mpini, hauna ala, hukatika vipande ukilazimishwa, na humkata mwenyewe anapoingiza mkono mfukoni kutafuta nauli. Kisu kidogo kinachokunjika huondoa hatari hiyo na hudumu miaka mingi kikitunzwa.

Okapi: jina kutoka misitu ya Kongo

Historia ya kisu cha kukunja Afrika Mashariki imebeba jina la mnyama. Okapi, jamaa wa twiga mwenye miguu ya milia, anaishi porini katika misitu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee. Wanasayansi wa Ulaya walimtambua rasmi mwaka 1901, baada ya Harry Johnston, aliyekuwa kamishna maalumu wa Uingereza nchini Uganda, kupeleka London ngozi na mafuvu yake.

Mwaka uliofuata, 1902, visu vya kukunja vyenye jina la Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani ili viuzwe katika makoloni yake ya Afrika. Wakati huo Tanzania Bara, Rwanda na Burundi zilikuwa sehemu ya koloni moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Makoloni hayo yalipotea baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, lakini kisu kilibaki. Mwaka 1988 chapa na mitambo yake vilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na utengenezaji ukahamia huko.

Okapi anayejulikana zaidi ana mpini wa mbao uliopinda, wenye alama za mwezi na nyota, na ubapa wa chuma cha kaboni unaozidi sentimita 9. Ni kisu cha kazi, cha bei nafuu, na makali yake hurudi upesi kikinolewa. Hata hivyo, baadhi ya aina zake zina kufuli yenye pete ambayo hulia ta-ta-ta kisu kinapofunguliwa. Afrika Kusini na Jamaika, mlio huo na umbo hilo vimehusishwa na ugomvi wa mitaani kwa miaka mingi.

Hapo ndipo ukubwa unapokuwa na maana inayozidi sentimita. Kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya shamba kikitolewa kwenye foleni ya basi, wanaokiona hawamfikirii mkulima. Kisu chenye ubapa wa sentimita 5 hufanya kazi nyingi zilezile bila kumtisha aliyesimama karibu.

Wa Uswisi na wa Ufaransa

Mifano miwili ya visu vidogo inajulikana karibu kila mahali duniani, na inasaidia kuelewa la kuchagua hata kama mnunuzi atachukua chapa nyingine.

Wa kwanza ni kisu chekundu cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, jimbo la Schwyz, na mwaka 1891 akaanza kuliuzia jeshi la nchi hiyo visu vya askari. Kisu cha ofisa, chenye zana kadhaa ndani ya mpini mmoja, kilisajiliwa mwaka 1897. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, Elsener aliifanya Victoria kuwa jina la bidhaa zake. Mwaka 1921, chuma kisichoshika kutu kilipoanza kutumika, neno “inox” liliongezwa na kampuni ikawa Victorinox.

Kisu kidogo kinachofahamika zaidi cha kampuni hiyo kina urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa, na uzito wa takriban gramu 21. Kina ubapa mfupi, mkasi, tupa ya kucha, kibano na kijiti cha meno. Hukaa kwenye mkufu wa funguo bila kuvuta mfuko. Kwa anayetaka bisibisi na kifungulia kopo, kuna cha milimita 84 na cha milimita 91. Hiki cha mwisho kina ubapa unaokaribia sentimita 7, na hapo tayari kimevuka kikomo cha ndege za Ulaya.

Wa pili ni Opinel, kilichobuniwa na Joseph Opinel katika eneo la Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Ni ubapa mmoja na mpini wa mbao wa mviringo, basi. Visu hivyo huuzwa kwa namba kulingana na ukubwa. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5, namba 5 ina takriban sentimita 6. Tofauti nyingine ni pete ya chuma inayozungushwa ili kufunga ubapa, iliyoanza kuwekwa mwaka 1955. Kuanzia namba 6 kwenda juu pete hiyo ipo. Namba ndogo zaidi hazina. Mnunuzi anayepanda kutoka namba 5 kwenda namba 6 anadhani ameongeza sentimita moja tu, kumbe pia amehama kutoka kisu kisicho na kufuli kwenda chenye kufuli.

Kufuli: usalama wa vidole, mashaka ya sheria

Kufuli huzuia ubapa usijikunje na kukata vidole. Kwa fundi anayesukuma kisu kwenye mpira mgumu au kamba nene ya turubai, hilo ni jambo kubwa. Kisu kisicho na kufuli hushikiliwa na springi tu, hivyo kinatakiwa kukata kwa kuvutwa, si kwa kuchoma wala kusukumwa kwa ncha.

Lakini kufuli hiyohiyo ndiyo inayobadilisha hesabu ya sheria Uingereza. Sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani kisu cha kukunja ambacho makali ya ubapa wake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mwaka 1993 mahakama iliamua kwamba kisu kinachojifunga hakihesabiwi kuwa kisu cha kukunja kwa maana ya sheria hiyo. Anayekutwa nacho lazima aonyeshe sababu ya msingi, kama vile kazi anayokwenda kufanya siku hiyo. Akishindwa, adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 4. “Nakitumia kumenya matunda” au “nilikisahau mfukoni” si majibu ya kutegemea.

Ujerumani nako, tangu mwaka 2008, kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga hakiruhusiwi kubebwa hadharani bila sababu inayokubalika. Masharti yalikazwa zaidi Oktoba 2024, hasa katika sherehe na mikusanyiko ya umma, baada ya shambulio la kisu katika mji wa Solingen, mji uleule uliojengewa jina na utengenezaji wa visu.

Angani mambo ni mafupi. Ulaya hukataza katika begi la mkononi visu vyenye ubapa unaozidi sentimita 6. Marekani hukataza visu vyote vyenye makali, hata kile cha kwenye mkufu wa funguo. Machi 2013 mamlaka ya usalama wa safiri nchini humo ilitangaza kwamba ingeruhusu visu vidogo visivyofikia takriban sentimita 6, lakini wahudumu wa ndege walipinga vikali na Juni mwaka huohuo mpango ukaachwa. Kwa msafiri anayeunganisha ndege mbili au tatu, uwanja mkali kuliko vyote ndio unaoamua. Dawa ni kukiweka kisu kwenye begi linalopakiwa chini kabla ya kufika kwenye ukaguzi.

Mipaka ya nyumbani

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 imerahisisha safari za watu. Malaba, Busia, Namanga na Rusumo, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili katika kituo kimoja. Lakini sheria za jinai hazikuunganishwa. Anayevuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda hubadilisha pia mfumo wa sheria, kutoka ule wenye mizizi ya Kiingereza kwenda ule uliojengwa juu ya urithi wa Kibelgiji.

Kanuni za adhabu za Kenya, Uganda na Tanzania zina kosa linalofanana, lililorithiwa enzi za Uingereza: kutembea hadharani na silaha, bila sababu halali, kwa namna inayotia watu hofu. Kosa hilo halipimwi kwa rula. Linaangalia mazingira na namna: kisu kilikuwa wapi, saa ngapi, mkononi au mfukoni, na mwenyewe alikuwa akifanya nini. Hapo kisu kidogo kilichokunjwa, chenye mkasi na kifungulia kopo, hujieleza chenyewe kuliko ubapa mrefu uliochomekwa kiunoni.

Mahakamani na viwanja vya michezo hata kidogo hakifai kupelekwa. Katika maduka makubwa ya Nairobi na Kampala, ambako mabegi hukaguliwa mlangoni, ni busara kukiacha kwenye gari au nyumbani. Dereva wa lori naye anaweza kuwa na viwili: chenye kufuli ndani ya sanduku la zana kwa ajili ya kamba na mpira, na kidogo mfukoni kwa ajili ya chungwa.

Dukani na baada ya hapo

Visu vyekundu vya kuiga ni vingi sokoni. Kabla ya kulipa, fungua kila zana. Ubapa usicheze kushoto na kulia, springi iuvute kwa nguvu unapofunguka na unapofunga, na ncha isigonge ukuta wa ndani ukikunjwa. Chuma laini hupoteza makali baada ya katoni chache tu.

Kwa mkazi wa Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, chuma kisichoshika kutu kina faida ya wazi kwa sababu ya hewa ya chumvi. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi zaidi, ila kinataka kufutwa kila baada ya kukata embe au limau na kupakwa mafuta mepesi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo linatosha. Mafuta ya kupikia hugandamana na kunasa vumbi. Mpini wa mbao nao hunywa maji na kuvimba, na kisu hukataa kufunguka hadi ukauke.

Kunoa hakuhitaji mashine. Kinoo cha kawaida, ubapa ukiinamishwa takriban nyuzi 20, hutosha. Asiye na kinoo hutumia ukingo wa chini wa kikombe cha udongo, ule usio na rangi. Jiwe la kuzunguka la mnoaji wa baiskeli linafaa panga na visu vya jikoni, lakini likiachiwa kisu kidogo, hula chuma ambacho hakikuwa kingi tangu mwanzo.

Kwa muhtasari, anayeshinda mjini hahitaji kuzidi milimita 58 za kisu cha kwenye funguo. Anayetaka kisu cha kazi nyepesi achukue kisichozidi sentimita 6 za ubapa, bila kufuli, na hapo atakuwa amekidhi kipimo cha London na cha ndege za Ulaya kwa pamoja. Na anayekwenda Marekani, hata kiwe kidogo namna gani, akitie kwenye begi kubwa kabla ya kutoka nyumbani.